Kibuyu cha Baba Mkwe Juu ya Mfuko wa Shule

Naanza kwa kukubali, ili mtu asije akanisemea: ndiyo, ni mimi Mama Venansi wa Keshero niliyewalevya watoto wa shule ya masista mchana kweupe, mbele ya Padri, nikiwa nimevaa kitenge changu cha Pasaka. Wanaosema nilifanya makusudi ni waongo, na wanaosema lililewa darasa zima wanaongeza chumvi, walikuwa wachache tu, wale waliokaa karibu na mwanangu. Lakini aibu niliipata, tena niliipata yote, na kwa kuwa leo mmekuja kunitembelea na chai bado iko motoni, afadhali muisikie kwangu mwenyewe kuliko kuisikia kule Kituku kwenye soko la samaki, ambako kila mwaka hadithi hiyo inaongezewa mlevi mmoja.

Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, Goma bado ni mji mdogo, unaweza kuumaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, na tulikaa Keshero pamoja na baba yake (jina lake silitaji hata leo, kwetu mke hataji jina la baba mkwe, nitamwita Muzee kama nilivyomwita siku zote). Watoto tulikuwa nao wawili. Venansi alikuwa darasa la kwanza kwa masista. Konsolata, mdogo wake, hakuwa darasa lolote, lakini kila asubuhi alimfuata kaka yake mpaka shuleni, akaketi nje chini ya dirisha juu ya jiwe jeusi la volkano, akakaa hapo kimya hadi masomo yaishe, mvua au jua, kisha wakarudi pamoja.

Huyo Konsolata ndiye aliyekuwa ananiuma moyo. Masista walikuwa wamefungua darasa la watoto wadogo, na mimi nikampeleka naye, nimempaka mafuta anang'aa, lakini masere Godeliva, mkubwa wa shule (masere ndivyo tulivyowaita wale watawa), alipoinama kumuuliza jina lake, mtoto akaingia ndani ya kitenge changu na hakutoka. Akaulizwa tena, kimya. Akapewa peremende, akaipokea kwa mkono mmoja uliotoka kwenye kitenge, na kimya kikaendelea. Masere akaniambia kwa upole kwamba mtoto asiyesema bado hajafika wakati wake, na kwamba nafasi iliyobaki ni moja tu. Nyumbani Konsolata alikuwa anaongea mpaka kuku wanakimbia, lakini nani angeniamini?

Basi siku moja masere akatuita kina mama wote. Akasema watoto wanasinzia baada ya saa sita, wengine wanakuja na muhogo wa jana uliokauka, wengine wanakuja na mikono mitupu, na mtoto mwenye njaa hata umpe Kifaransa cha dhahabu hakiingii. Alitaka mama mmoja awe msimamizi wa chakula, awafundishe wenzake kufunga chakula cha kuwatia watoto nguvu na kuwafurahisha macho. Siku ambayo Padri Mzee atarudi kutoka Bukavu, watoto waje na chakula chao kama kawaida, sisi tufike saa sita, na yeye na Padri wataonja na kuchagua. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba mama atakayechaguliwa atamleta mtoto wake kwenye darasa la wadogo, awe anasema au hasemi. Mimi nilisikia hilo la mwisho tu. Nilirudi Keshero nikiwa nimeshamwona Konsolata ndani ya darasa, amekaa kwenye benchi.

Na msidhani nilikuwa najidanganya. Kwa chakula cha watoto mimi sikuwa na mpinzani Goma nzima, na hata sasa sioni. Kiazi kitamu cha njano nilikichemsha, kikapoa, nikakichonga kwa kisu kidogo kikawa ng'ombe wa kwetu Masisi, pembe ndefu za karoti, macho ya maharage, miguu minne anasimama mwenyewe. Lengalenga, yaani mchicha, nilizipika na karanga, nikazifunga kwenye jani la mgomba vifurushi vidogo vidogo vya kutosha mkono wa mtoto. Parachichi nilikata nusu, nikarudisha kokwa yake mahali pake na kulifunika na nusu ya pili, halikuweza kuwa jeusi. Yai nililichorea uso kwa mkaa (uso wa Mgiriki wa dukani, lakini hilo tulilijua sisi tu). Mume wangu akanishonea mfuko kwa mabaki ya vitambaa, una mifuko midogo ndani, kila kitu kwake, ng'ombe asimkanyage Mgiriki. Watoto wa wenzangu walikuwa wanamfuata Venansi njiani wamwone tu akifungua.

Aliyekuwa ananitia wasiwasi ni mmoja, Mama Kasereka, mwanamke wa Butembo, jirani yangu, msafi mpaka anachosha, mtu asiyetupa hata jani la kitunguu. Nikapata habari kwamba yeye ataleta samaki wa Kituku, ametoa miiba yote mmoja mmoja, na kila mtoto atapata kipande chake na maharage. Nikajiambia, huyu atanishinda kwa miiba. Nahitaji kitu kimoja cha zaidi. Kinywaji. Maziwa kila mtu ataleta, maji ni maji. Nikakumbuka mutobe, yale maji ya ndizi mbivu zilizokandwa na majani mpaka zinatoa utamu wake, kinywaji ambacho mtoto akikiona anaacha kulia. Na kwa kufurahisha macho, nikakata mirija ya matete, mmoja kwa kila mtoto, wanywe kama wazee wanavyokunywa kwenye mahari. Nilipofikiria hao watoto na mirija yao nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa chombo. Kibuyu changu cha maziwa kilikuwepo, lakini kilikuwa cheusi kwa moshi, kifupi, hakina sura. Ukutani kwa Muzee kulikuwa na kibuyu chake cha kasiksi, pombe ya ndizi, kibuyu chenye shingo ndefu, kinang'aa kwa miaka ya kushikwa na mikono, kimesukiwa kamba nzuri ya kubebea. Muzee alikuwa amekwenda Bunagana kwa dada yake, angerudi baada ya Jumapili. Mke hagusi vitu vya baba mkwe, hilo nalijua tangu nazaliwa. Lakini nilijiambia nakiazima tu, kitarudi kabla mwenyewe hajarudi, na kwa sura kile kibuyu kilikuwa kinaweza kwenda hata kwa gavana. Nikakitoa ukutani. Kila kitu kilichofuata kilitokana na mkono wangu huo ulionyooka.

Hapa ndipo lazima mnielewe, maana watu wa huku chini ziwani huwa wananicheka bila kuelewa. Mimi nimezaliwa juu kabisa Masisi, kwenye ng'ombe, kule baridi inakozuia ndizi kuota. Nilijua vibuyu, lakini vya maziwa. Nilichungulia ndani ya kile cha Muzee, nikanusa, nikakuta harufu ya uchachu imeganda shingoni, na nikafurahi. Kibuyu cha maziwa chenye harufu ndicho kibuyu kizuri, harufu hiyo ndiyo inayogandisha maziwa yakawa matamu, na msichana anayeisugua mpaka ikaisha anagombezwa na mama yake. Kwa hiyo nikakisuuza kidogo tu kwa maji baridi, kwa heshima. Nikamimina mutobe. Nikakaza kizibo cha kigunzi cha mahindi, nikakiweka karibu na mafiga kisipate baridi, kama tunavyofanya na maziwa. Kwamba mutobe ungeweza kuwa pombe, hilo halikunijia, kwa sababu nilikuwa nimewaona majirani wanavyopika kasiksi, na siku zote walitia unga wa mtama uliokaangwa. Kichwani mwangu pombe ilikuwa ni mtama. Mimi sikutia mtama hata punje. Nilionja jioni ile, mtamu kama asali, nikalala.

Asubuhi ikaja habari kwamba mashua ya Bukavu imechelewa na Padri hajafika, tusubiri mpaka kesho. Mama Kasereka, mtu wa akili, samaki wake aliwapa watu wa nyumbani wakala, na kesho yake alfajiri akashuka Kituku kuchukua wengine. Mimi ng'ombe nilichonga wapya, lakini mutobe niliuacha palepale kwenye mafiga. Kwetu kitu kikilala kibuyuni mara ya pili ndipo kinapokuwa kizuri zaidi. Na kuonja tena niliona ni kujidharau, mtu aonje kitu alichokitengeneza mwenyewe mara ngapi? Kulipokucha nikamvika Venansi mfuko, nikamtundikia kibuyu begani, nikamwambia asikifungue mpaka saa sita. Konsolata akafuata nyuma na mirija mkononi, kimya, kama kawaida yake akishatoka nje ya ua.

Saa sita nikafika nikiwa mbele ya kina mama wote, kitenge changu kinanihesabia hatua. Tukiwa bado barabarani tukasikia watoto wanaimba. Nikawaambia wenzangu kwamba masista wametuandalia wimbo wa kutupokea. Mama Kasereka akasema mbona wimbo wenyewe ni ule wa wanaume wa mtumbwi. Nikamwambia wivu utamkondesha.

Tukaingia uwanjani. Masere Godeliva na Padri Mzee, yule mwenye ndevu nyeupe, walikuwa wamekwishakaa kwenye viti kivulini. Na pale kwenye mawe meusi, mwanangu Venansi alikuwa ameketi katikati ya wenzake, miguu ameikunja kama babu yake, kibuyu mbele yao, mirija mikononi, na walikuwa wanazungumza kwa zamu, taratibu, wanaitikiana kwa vichwa. Mmoja alikuwa amemlaza ng'ombe wangu kifuani na amesinzia. Mwingine alikuwa anacheka na yai. Moyo wangu ukajaa. Nikageuka kwa wenzangu, na kwa sauti ambayo nilitaka masere aisikie, nikasema, "Mnaona? Chakula ya kwangu inachangamusha batoto." Masere akaisikia. Akatabasamu, akamwambia Padri kitu kwa Kifaransa, na Padri akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Mimi pale nilikuwa nimeshachaguliwa, ilibaki kuambiwa tu.

Wakaonja samaki wa Mama Kasereka, wakasifu. Wakaja kwangu. Masere akamchukua ng'ombe akamgeuza geuza, akasema ni dhambi kumla, akamla. Padri akafungua parachichi, akashangaa lilivyobaki kijani. Nikaona ni wakati wa kuwamaliza. Nikamwita Venansi alete kibuyu. Akakileta kwa kutembea upande upande, na nilipokipokea nikaona ni chepesi, nusu haipo. Nikadhani kimevuja njiani.

Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza, ili mgeni asije akadhani umemwekea kitu. Nikachomeka mrija mbele ya watu wote, nikavuta.

Jamani. Kitu kilipita kooni kikawasha mpaka masikioni. Haukuwa mutobe tena, ilikuwa kasiksi safi, ile ambayo Muzee akiinywa anaanza kutukumbusha mahari ya kila mtu. Nikasimama na mrija mdomoni. Nikawatazama watoto kwa mara ya pili, na safari hii niliona vizuri: yule wa usingizi, yule wa yai, Venansi na macho yake madogo. Nikajua kwamba hawakungoja saa sita. Nawaambia kweli, sikuwaza mashindano tena, niliwaza watoto wa watu.

Lakini mwenye kinywaji akishaonja, kibuyu kinakwenda kwa mgeni, na Padri aliyezeeka kwenye nchi hii alikuwa ameshachukua mrija wake. Akavuta. Akafumba macho. Akavuta tena, na mara ya tatu, kama mtu anayetaka kuwa na hakika. Kisha akampa masere, masere akavuta kidogo, uso ukawa mwekundu wote.

"Mama Venansi," akasema, "ni nini iko mu hiki kibuyu?"

"Ni mutobe, masere. Mutobe ya ndizi. Sikutia mutama hata punje moja."

"Mama," akasema Padri polepole, "mutobe yako imeshakomaa."

Kina mama waliacha vyakula vyao palepale. Wengine wakakimbilia kwa watoto wao, wanawanusa midomo. Nilitamani ile ardhi iliyowahi kupasuka kwa moto mara ngapi ipasuke hata kidogo, ya kunitosha mimi peke yangu. Haikupasuka. Badala yake Venansi, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amekaa chini ya kiti cha babu yake kwenye mazungumzo ya mahari ya shangazi yake, akajikongoja mpaka mbele ya Padri, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, akasema:

"Padri, sisi bazee tumekuja juu ya muchumba. Tunataka huyu masere. Useme ngombe ngapi."

Sijui nani alianza kucheka. Najua ndevu za Padri zilikuwa zinatikisika, na kwamba mimi sikuweza kucheka, nilikuwa nimemshika Venansi mdomo kwa mikono yote miwili, na masere alikuwa amesimama sasa, hacheki hata kidogo, anauliza nani amekunywa na kiasi gani, anataka maji, anataka watoto wote kivulini. Nikaona benchi la Konsolata linaondoka. Nikajua pia kwamba nafasi hiyo sitaipata leo wala mwaka mwingine wowote, kwa ajili ya kibuyu kizuri.

Ndipo nikakumbuka kwamba Konsolata mwenyewe sijamwona.

Alikuwa mahali pake, juu ya jiwe lake chini ya dirisha, na mrija bado mkononi, umelowa. Lakini alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, mashavu yanang'aa, na alikuwa anasema. Nani alimwambia aanze, sijui. Alihesabu kwa Kifaransa, akaenda mbele na namba mpaka mimi nilizozijua zikaisha, akataja siku za juma, akafanya ishara ya msalaba na kusali sala yote bila kupotea, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote waliokuwa wanageuka mmoja baada ya mwingine. Yaani yote yaliyosemwa ndani ya lile darasa, mtoto alikuwa ameyaokota dirishani. Kisha akaweka mikono kiunoni, akainua kidevu, na ilikuwa ni masere Godeliva mtupu, sauti yake, shingo yake, mpaka ile namna yake ya kukohoa kwanza:

"Batoto, macho ku ubao. Ule mutoto wa dirisha mumuache. Atachoka, atarudi kwabo."

Padri akamwangalia masere. Masere akaangalia chini, na ule wekundu uliokuwa usoni mwake haukuwa wa kasiksi tena. Nilimwona amekunja aproni yake kwa vidole kama msichana. Mimi nilitaka kukasirika, maana yule mtoto wa dirisha ni wangu, na hasira ilikuja kweli, lakini ningeishikaje hasira na mikono yangu inanuka pombe?

Masere akaenda mpaka kwenye lile jiwe. Konsolata akamtazama, hakukimbia, hakutafuta kitenge cha mtu. Akamwambia jina lake bila kuulizwa. Halafu akamwegemea begani akalala papo hapo, na masere akambeba, akakaa naye kivulini huku anampepea, mpaka nilipokwenda kumchukua.

"Siku ya kwanza ya juma umulete," akaniambia. "Ndani. Si ku dirisha." Nikaitikia kwa kichwa. Akaongeza, "Na maji, mama. Maji tu."

Usimamizi wa chakula ulikwenda kwa Mama Kasereka, na ulimfaa, sitasema uongo. Nilirudi Keshero nimembeba Konsolata mgongoni na Venansi nimemshika mkono anaumwa kichwa na kuniuliza kwa nini barabara imepanda. Nililia njiani, nusu kwa aibu na nusu kwa furaha, na watu niliokutana nao wakadhani nimefiwa. Nilipofika barazani kwa Mgiriki, mume wangu alikuwa ameshapata habari yote (Goma ile ilikuwa ndogo, nilishasema), na alikuwa anacheka mpaka cherehani imepinda mshono wa suruali ya watu.

Jioni nikakichukua kibuyu cha Muzee kwa hasira zote, nikakiosha. Maji ya moto, majivu, mchanga, maji tena, nikakisugua ndani kwa fimbo na kitambaa mpaka harufu yote ikaisha, nikakirudisha ukutani kinang'aa kuliko zamani. Nilidhani nimetengeneza.

Muzee akarudi kutoka Bunagana, akakishusha, akanusa shingo. Akanusa tena.

"Nani ameosha kibuyu changu?"

Nikapiga magoti nikamweleza yote, kuanzia mkono uliokitoa ukutani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia kwamba kibuyu hicho babu yake alikinywea, na hakijaoshwa tangu siku hizo, na mtama niliosema sikuutia ulikuwa umo ndani ya kuta zake miaka na miaka, ukimimina hata mvua ndani yake inakuwa kasiksi. Akakishika magotini kama mtu aliyeshika mgonjwa. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake akaniuliza bila kuniangalia:

"Na Padri alisema nini?"

"Alisema imekomaa, Muzee."

"Alivuta mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akakirudisha ukutani taratibu. "Basi hakikufa bure," akasema, na maneno hayo hayakurudiwa tena katika nyumba yetu, ingawa kasiksi yake haikuwa ileile mpaka anaingia kaburini, na kila alipoinywa alinitazama.

Konsolata aliingia darasani siku ya kwanza ya juma, yaani Jumatatu. Masere akamuuliza jina lake, na yeye, akiwa hana kitu tumboni ila viazi na maji, akaingia ndani ya kitenge changu. Nikasema basi, imekwisha. Lakini masere hakumuuliza tena. Alimwonyesha benchi lililo karibu na dirisha, akamwacha, na akangoja, na majuma yakapita kabla mtoto hajafungua mdomo, na alipofungua hakufunga tena. Leo yeye mwenyewe ni mwalimu. Anasema hakumbuki kitu chochote cha siku ile, ila darasani kwake hakuna mtoto anayeachwa kukaa nje.

Ng'ombe wangu wa viazi waliendelea, Mama Kasereka mwenyewe alikuja kuniomba nimfundishe kuwachonga, na nilimfundisha, isipokuwa pembe, pembe nilibaki nazo. Kwa hiyo kwa chakula bado sijashindwa. Lakini kuhusu vinywaji niliweka nadhiri siku ileile barabarani nikiwa nimebeba mtoto, na sijaivunja. Wajukuu wangu wananicheka kila asubuhi wanapoondoka kwenda shule, maana nawasimamisha mlangoni, nafungua chupa ya kila mmoja, naonja. Wananiambia, bibi, hayo ni maji. Nawaambia najua ni maji, na hata ule mutobe nilijua ni mutobe, na nakunywa funda la pili kuhakikisha.